Siku Tuliyompeleka Mwalimu Topeni

Baba mdogo alipopunguzwa kazi reli, alirudi nyumbani Itigi na begi moja, koti la mvua na barua aliyoikunja na kuikunjua mpaka ikakatika kwenye mikunjo. Alikuwa amefanya kazi kwenye genge la kutengeneza njia kwa miaka mingi, kuanzia kwetu hadi Manyoni na kuteremka mpaka bondeni, na alikuwa hajui kazi nyingine. Wiki ya kwanza aliamka alfajiri kila siku, akavaa buti zake, akaenda kukaa stesheni kuangalia treni. Wiki ya pili mama alimwambia aache, watu wanamwonea huruma.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa kimeruhusiwa, na vingi tulivyovitegemea vilikuwa vinaondoka. Duka la ushirika lilifungwa, likafunguliwa tena likiwa la mtu. Soda ambazo zamani tulizionja harusini zilipangwa kwenye kreti kando ya reli, na mitumba ilimwagwa kwenye turubai kila Jumatano, makoti mazito ya nchi za baridi ambayo wazee wa kwetu waliyanunua na kuyavaa wakiwa mashambani. Kwenye zahanati nilikofanya kazi, mgonjwa alitakiwa aje na daftari lake. Aliandikiwa dawa humo, kisha akaambiwa dawa hiyo hatuna.

Mimi nilikuwa mhudumu wa afya. Niseme wazi, sikuwa nesi. Nilisoma kozi fupi, nikajua kupima watoto uzito, kufunga vidonda, kuchemsha vifaa na kuandika majina ya wagonjwa. Lakini nilipewa gauni jeupe, na pale mjini kwetu kila mwanamke mwenye gauni jeupe aliitwa nesi. Mwanzoni nilikuwa nasahihisha watu. Baadaye niliacha, na kusema kweli nililizoea jina hilo nikalipenda.

Baba mdogo ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Alinipeleka shule, na nilipofeli mtihani wa kwenda sekondari ndiye aliyezunguka kwa watu mpaka nikapata nafasi kwenye ile kozi. Kwa hiyo aliponiambia jambo, nilikuwa na neno moja tu la kumjibu.

Mafao yake yalipotoka alinunua lori dogo lililokwishatumika. Alianza kubeba mahindi kutoka Mitundu, lakini wenzake waliopunguzwa nao walikuwa wamepata wazo hilo hilo, na magari yakawa mengi kuliko magunia. Lori likakaa uani kwa mama, kuku wakilala chini yake. Hapo ndipo alipokumbuka tope.

Kule bondeni, chini ya mteremko mkubwa uliopita Manyoni, kuna mahali maji ya moto yanatoka ardhini na kuchanganyika na udongo, yakawa tope la kijivu linalochemka polepole kama uji. Wazee wa genge walikuwa wakienda huko siku za mapumziko kutuliza migongo. Baba mdogo alisema tope lile lilimwondolea maumivu ya goti mara mbili. Akaandika kwenye boksi lililokatwa, kwa rangi nyekundu: TOPE LA MOTO, TIBA YA MIGUU, MGONGO NA NGOZI. KILA JUMAMOSI, KWENDA NA KURUDI. Akalitundika dukani karibu na stesheni.

Watu walikwenda. Sidhani kama ni ujinga. Walikuwa na migongo inayouma na madaftari yaliyojaa majina ya dawa ambazo hawakuzipata. Waliorudi kutoka safari ya kwanza walisema wamelala vizuri. Safari ya pili ilijaa. Kabla ya safari ya tatu, baba mdogo alikuja nyumbani Ijumaa jioni, akala, akanawa mikono, kisha akaniambia kwamba kuna watu wanaogopa, hasa wanawake, na wangetulia kama wangeona mtu wa afya amefuatana nao.

"Njoo na gauni lako la kazi," alisema. "Huna haja ya kufanya kitu. Wakuone tu."

Nilisema ndiyo, baba.

Asubuhi ile, kabla jua halijachomoza, abiria walikuwa wamekwisha kukusanyika mbele ya duka na vifurushi vyao vya viazi vya kuchemsha na karanga. Nilianza kuwasaidia kupanda, na katikati yao nikamwona mwalimu wangu wa darasa la kwanza.

Alikuwa Mnyiramba wa Ulemo. Alikuja Itigi kwa kuolewa na karani wa reli, akafiwa na mume, akabaki. Nusu ya mji ule ilijifunza kusoma mbele yake. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi sana, na hata baada ya kustaafu alitembea na kalamu kwenye nywele. Miaka ile alikuwa na kisukari. Alikuja zahanati mara kwa mara, na kwa kuwa hatukuwa na cha kumpa, tulimshauri juu ya chakula. Siku moja nilimtoa mwiba wa mgunga unyayoni. Mwiba ulikuwa umeingia wote, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka, wala hakuwa na habari nao. Aliniambia siku ile, akicheka, kwamba akivaa kandambili inabidi aangalie chini ili ajue kama bado amezivaa.

Nilimwamkia. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Na wewe unakwenda?" Akaniangalia gauni. "Basi nimefurahi. Binti yangu alinikataza. Nitamwambia tulikuwa na nesi."

Binti yake wa mwisho, aliyeishi naye, alikuwa muuza mitumba na siku hiyo alikuwa amekwenda Singida kuchukua mzigo. Nilimpa mwalimu mkono, nikamkalisha kwenye gunia la pumba nyuma ya kibanda cha dereva, mahali palipokuwa na mtikisiko mdogo.

Safari ilikuwa ndefu na vumbi lilikuwa jingi. Tulipita Manyoni watu wakifungua maduka, kisha barabara ikaanza kuteremka na joto likapanda kutoka bondeni kutupokea. Waliokuwa wagonjwa walikuwa wachangamfu kuliko wazima. Mama mmoja mwenye upele mwili mzima alianzisha nyimbo za kanisani, na Waislamu waliokuwemo walipiga makofi. Mwalimu alisimulia habari za wanafunzi wa zamani, nani aliyekuwa akila chaki, nani aliyekuwa akijificha chooni wakati wa hesabu. Watu walicheka sana. Nilicheka pia. Ninakumbuka kwamba nilijisikia ni mtu wa maana, nimeketi pale na gauni langu nimelifunika kwa kanga lisichafuke.

Tulifika kama saa nne. Mahali penyewe ni tambarare nyeupe kwa chumvi, hakuna mti, na harufu ya mayai viza inakupokea kabla hujaona kitu. Katikati palikuwa na dimbwi la tope, upana wake kama wa ua wa nyumba, na pembeni yake vidimbwi vidogo. Mapovu makubwa yalikuwa yakipanda taratibu, yakipasuka, na mengine yakipanda. Baba mdogo alisimama juu ya tairi akatangaza utaratibu. Wanaume upande wa kushoto, wanawake upande wa kulia nyuma ya turubai alilolitundika kwenye nguzo mbili. Muda ni mpaka saa saba, maana mteremko ule hataki kuupanda jioni. Na la mwisho, tope lisioshwe. Likauke mwilini mpaka mtu afike kwake, ndipo nguvu yake iingie.

Wakati wanawake wakivua na kujifunga kanga kuukuu, nilimwona mama mmoja wa pale amechutama mbali kidogo. Alikuwa akikwangua chumvi ya juu ya ardhi kwa kipande cha bati na kuitia kwenye kibuyu. Nilimwendea kumsalimu. Mama yangu ni Mgogo, kwa hiyo nilimwamkia kwa lugha yake, "Mbukwenyi," naye akafurahi, akaacha kazi yake.

Aliniuliza kama hao ndio watu waliokuwa wakija Jumamosi. Nikamwambia ndio. Akasema, kwa Kigogo, kwamba tangu mvua zilizopita maji ya moto yamehama. Zamani yalitokea upande wa kule, akaonyesha kwa bati, sasa yako upande huu. Wiki mbili nyuma ndama aliingia kunywa, akatolewa amebabuka miguu ya nyuma, wakamchinja. Wao wenyewe, alisema, hawaingii dimbwini. Wanachota tope kwa kibuyu, wanalitia kwenye shimo walilochimba pembeni, wanangoja lipoe, ndipo mgonjwa anakaa.

"Waambie," alisema. "Wageni hawajui."

Nilirudi mbio kwa baba mdogo. Alikuwa akitia maji kwenye rejeta. Nilimweleza yote, na habari ya ndama pia. Alisikiliza bila kuniangalia. Kisha akafunga mfuniko, akajifuta mikono, akasema watu wameingia Jumamosi mbili na hakuna aliyeungua. Alisema wale mama wa chumvi hawataki wageni mahali pao. Nilipoendelea kusimama, alipunguza sauti.

"Mwanangu, ukiwaambia hivyo hakuna atakayeingia leo. Na Jumamosi ijayo sitakuwa na mtu hata mmoja. Baada ya hapo nifanye nini?"

Mpaka leo sijui angefanya nini. Nilirudi nyuma ya turubai, nikapiga magoti ukingoni, nikatumbukiza mkono kwenye tope mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa la moto, lakini la kuvumilika, kama maji ya kumkanda mzazi. Nikajiambia kwamba nimepima. Nikawaambia wanawake kwamba mtu akiona joto limezidi asogee au atoke. Nilidhani nimepata njia ya kati: sikumkaidi baba mdogo, na watu nimewaonya. Ile ya ndama sikuisema.

Mwalimu alikuwa wa mwisho kuingia. Hakutaka kuvua mbele ya watu. Alitaka kukaa ukingoni tu, kwenye jiwe, na kutumbukiza miguu, maana ndiyo iliyomleta. Aliniita.

"Nesi, hapa panafaa?"

Hakuwahi kuniita nesi kabla ya siku ile. Siku zote aliniita kwa jina la utoto.

"Panafaa, mwalimu," nilisema.

Nikamshika kiwiko akaketi. Akakunja sketi vizuri juu ya magoti, akashusha miguu yote miwili, ikazama hadi katikati ya mashavu ya miguu. Akasema ni kama hajatumbukiza kitu. Wenzake walicheka, wakasema angoje, nguvu inakuja polepole. Halafu na mimi niliingia. Sikuwa nimekusudia, ila mama mwenye upele alinishika mkono akanivuta, nikavua gauni nikalikunja nikaliweka juu ya kifurushi cha mwalimu. Na lazima niseme kwamba ilikuwa raha. Tope lilinishika mwili mzima kama mikono ya watu wengi. Tulipakana mgongoni, tukapakana usoni, mpaka wote tukawa rangi moja ya kijivu na hatukujuana isipokuwa kwa sauti. Bibi mmoja aliyekuja amebebwa alisimama peke yake na wote tukapiga vigelegele. Mwalimu alikuwa pale juu ya jiwe lake, akitutazama kama mtu anayetazama watoto mapumzikoni, miguu yake imo ndani. Alikaa hivyo muda ambao wengine tuliingia na kutoka mara tatu. Kila joto lilipozidi sisi tulisogea. Yeye hakuwa na sababu ya kusogea.

Saa saba baba mdogo alipiga honi. Tulimsaidia mwalimu kusimama, akajishikiza begani kwangu, akatembea mwenyewe hadi kwenye lori. Miguu yake ilikuwa ya kijivu kama ya wote. Nilivaa gauni langu juu ya tope lililokauka, likinikwaruza kila nilipogeuka.

Tulikuwa tumekwisha kuupanda mteremko, tunakaribia Manyoni, nilipoangalia chini. Watu walikuwa wamechoka, wengi wamesinzia. Upepo na jua vilikuwa vimekausha tope kwenye miguu ya kila mtu, likapasuka vipande vipande na kupukutika kwenye sakafu ya lori. Lile la kwenye miguu ya mwalimu lilikuwa bichi. Lilikuwa linameremeta. Chini ya visigino vyake, kwenye mbao, palikuwa na unyevu, na vumbi lilikuwa limegandia hapo.

Nilidhani maji yamemwagika. Nilitafuta chupa, nayo ilikuwa imefungwa. Nikainama, nikagusa kifundo cha mguu wake kwa vidole viwili, kidogo tu, kuona kama tope limelainika. Tope likateleza, na ngozi ikateleza pamoja nalo, ikakunjamana kuelekea kwenye vidole kama soksi iliyolegea. Chini yake palikuwa na nyama nyeupe.

Mwalimu alikuwa ananisimulia kitu. Alikuwa akisema juu ya mwaka waliokosa madawati, jinsi walivyokaa kwenye matofali. Aliendelea kusimulia huku mimi nimeshika mguu wake.

"Mbona unalia?" aliuliza.

Nilivua kanga nikafunika miguu yake asiione, lakini alikwisha kuona uso wangu, akaisogeza kanga kwa mkono wake mwenyewe akaangalia. Aliangalia muda mrefu. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeshangaa hesabu isiyokubali, kwamba haumwi.

Niligonga kibanda cha dereva kwa ngumi mpaka baba mdogo akasimamisha. Alishuka akiwa amekasirika, akapanda nyuma, akaona. Alikaa chini pale pale kwenye mbao. Abiria walianza kuamka na kuulizana. Nilimwambia twende moja kwa moja hospitali ya misheni, tusishushe mtu njiani. Hakubisha. Nitasema hili kwa haki yake, kwamba hakubisha hata kidogo, na aliendesha kwa kasi kuliko nilivyowahi kumwona akiendesha. Ila kabla hajarudi kwenye usukani alinivuta pembeni ya tairi la nyuma.

"Vua hilo gauni," aliniambia. "Au lifunike. Wakiona gauni watauliza mambo mengi."

Mwanamke mmoja alikuwa na kanga ya ziada. Nikaiomba, nikajifunga kuanzia kifuani mpaka miguuni. Nilipowasaidia watu wa hospitali kumbeba mwalimu kwenye machela, nilikuwa nimevaa kama ndugu yeyote aliyeleta mgonjwa. Daktari aliuliza aliungua lini na alikaa kwenye moto muda gani. Nilisema ni tope, nikataja saa. Akauliza kama hakukuwa na mtu yeyote pale wa kumwambia mwenye kisukari asiingize miguu kwenye kitu cha moto. Alikuwa akiuliza huku anaandika, kama mtu anayejisemea. Mwalimu alikuwa amelala pale, anasikia. Alifumba macho. Mimi nilisema hakukuwa na mtu.

Walimkata mguu wa kulia chini ya goti wiki ya tatu. Ule wa kushoto walitoa vidole vyote, ukabaki kama kigingi, ukawa unapona na kufunguka, unapona na kufunguka. Aliporuhusiwa kurudi nyumbani, binti yake alikuja zahanati kuomba mtu wa kuwa anambadilishia bandeji, na mganga wetu alinituma mimi, kwa kuwa nilikuwa ninafahamiana na familia.

Nilikwenda karibu miezi minne. Nilikwenda asubuhi kabla ya kazi, nikachemsha maji, nikaosha, nikapaka dawa ya bluu ilipokuwepo na maji ya chumvi ilipokosekana. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha kamba uani, kisiki cha mguu wake kimelazwa juu ya stuli. Tulizungumza mambo ya kawaida. Aliniuliza hali ya mama, mvua, bei ya sukari ambayo yeye hakuruhusiwa kula. Baba mdogo alikuwa akileta gunia la mahindi kila baada ya muda, analishusha mlangoni, anamwamkia, anaondoka. Safari za topeni alizifanya mbili zaidi baada ya ile, maana watu walikuja wenyewe kuziomba. Yule bibi aliyesimama alikuwa akitembea kweli, na habari zake zilikuwa zimesambaa kuliko za mwalimu. Kisha lori likavunjika ekseli, likarudi kukaa uani.

Asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti mbele yake nafungua bandeji, mwalimu aliniuliza swali. Aliuliza kwa utulivu, kama alivyokuwa akiuliza darasani wakati jibu analijua.

"Yule mama wa chumvi. Mlizungumza muda mrefu. Alikwambia nini?"

Yeye hakujua Kigogo. Lakini alikuwa amekaa juu ya kifurushi chake akitutazama, na aliniona nikikimbia kwenda kwenye lori. Nikaelewa kwamba miezi yote ile alikuwa ananingoja.

Nilimwambia yote. Nilimwambia habari ya ndama, ya shimo la pembeni, ya kusubiri tope lipoe. Nilimwambia maneno ya baba mdogo na kwamba nilipima kwa mkono. Sikumtaja baba mdogo ili kujitetea, angalau sikukusudia hivyo, ingawa nilisikia sauti yangu ikikaa zaidi kwenye sehemu yake kuliko kwenye yangu.

Alingoja nimalize.

"Na mwiba ulinitoa wewe," alisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi ulijua kwamba miguu yangu haisikii."

"Nilijua."

"Nilipokuuliza kama panafaa, ulikumbuka?"

Hilo nililifikiria, nikiwa nimeshika bandeji chafu mkononi. Nilitaka kumpa jibu la kweli, kwa kuwa lilikuwa kitu pekee nilichobakiwa nacho cha kumpa. Nilimwambia kwamba nadhani nilikumbuka, kisha nikaacha kukumbuka.

Alitazama ukuta wa choo ambako mbuzi wa jirani alikuwa anakwangua pembe. Nilimaliza kumfunga. Alinishukuru, kama alivyonishukuru kila siku, na nikaondoka. Kesho yake binti yake alinikuta njiani kabla sijafika. Alisema mama ameagiza nisisumbuke tena, yeye mwenyewe amekwisha kujifunza kufunga. Hakuonekana kama anajua sababu. Alinipa mfuko wenye bandeji na mkasi wa zahanati, vimeoshwa na kukunjwa vizuri ndani ya gazeti.

Alifariki masika yaliyofuata. Mguu wa kushoto uliharibika kuanzia kwenye kisigino, ukaenda juu haraka. Alikuwa ameacha neno kwamba azikwe kwao Ulemo, na hiyo ni safari ya mbali, barabara za Iramba wakati wa mvua si barabara. Gari la kukodi halikupatikana. Baba mdogo alikuwa amefunga ekseli mpya wiki chache nyuma. Alikwenda kwa wafiwa akasema lori lipo, wasimpe kitu, watafute mafuta tu. Wakakubali, maana hapakuwa na lingine.

Nilikwenda nyuma pamoja na wanawake wengine, tumekaa pande zote mbili za jeneza, tukilishika lisihame kwenye makorongo. Tulizikwamua tairi mara nyingi. Tulifika siku ya pili yake. Ndugu zake walikuwa watu wapole, walitupokea kwa maji ya kunawa na uji wa uwele. Mchungaji alisema maneno machache, akawaita wanafunzi wa marehemu wapite mbele. Tulikuwa wengi, hata wengine walikuwa na mvi. Nilipita nao.

Baada ya mazishi nilimkuta baba mdogo nyuma ya lori, anakwangua matope kwenye tairi kwa kijiti. Alikuwa amezeeka mwaka ule. Nilimwambia kwamba mwalimu aliniuliza kabla ya kufa, nami nikamweleza.

Aliacha kukwangua. "Ulimwambia na mimi nilichosema?"

"Nilimwambia."

"Lini?"

Nilimtajia. Akahesabu kimoyomoyo, nilimwona midomo ikisogea.

"Basi alikuwa anajua," alisema. "Mahindi ya mara tatu za mwisho alikuwa anajua. Hakuniuliza chochote. Kila nilipoyashusha alinishukuru, akaniuliza goti langu linaendeleaje."

Alikitupa kijiti. Kisha alizunguka mbele, akapanda, akawasha gari. Wanawake walianza kukusanya vyombo vyao. Mvua ilikuwa inajikusanya tena upande wa Sekenke, na ilibidi tuondoke kabla barabara haijafungwa.